Walikufukuza kwa Kuvua Viatu

Mama Karibu wangu,

Nasikia uko kisiwani Rukuba unaanika dagaa, na simu yako kila nikipiga haipatikani. Basi nakuandikia hapa hapa mtandaoni, hadharani, wote wasome, maana nimejaa mpaka shingoni.

Dada Nyangeta, unakumbuka siku wanafungua lile duka kubwa hapa Musoma? Maputo, muziki, mkubwa wao kashika maiki: uchumi unakua, vijana wa Mara ajira hizi hapa. Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa nimetoka kubeba magunia ya pamba Bunda, nikasema mgongo wangu sasa umepona. Kumbe. Kutwa nzima umesimama kaunta, kiti hakuna, chooni unaenda kama unatoroka. Wewe ndiyo ulinifundisha kuegemea droo bila kamera kuona. "Egemea na kiuno, mdogo wangu, uso uache unacheka." Na wateja wakakupachika hilo jina la Mama Karibu, maana ulikuwaga unamkaribisha mtu mpaka anasahau alichofuata.

Halafu akaja yule bibi wa Buswahili, kafuata blanketi ya mjukuu. Kufika mlangoni akaona sakafu inang'aa, akavua kandambili akaziacha nje, kama anavyoingiaga kwa watu. Mlinzi akacheka. "Bibi, hapa siyo kwa mkweo." Foleni nzima ikacheka. Bibi akabaki amesimama katikati, miguu peku, hajui aendelee au arudi.

Wewe ukaacha kaunta. Ukavua vile viatu vyeusi vya sare, ukamfuata peku, ukapiga goti.

"Shikamoo bibi. Umefanya vizuri, hata sisi wa humu huwa tunavua."

Uongo mtupu. Lakini bibi alinyanyua kichwa. "Marahaba mwanangu. Nilijua tu, pasafi hivi."

Mimi nikavuta foleni yako upande wangu. Mlinzi akaanza kuangalia dari.

Jioni meneja akakuita. Umetelekeza kaunta, umeaibisha sare. Ukamuuliza, "Bosi, pale aliyeaibika ni nani?" Akakusukumia barua ya kukufukuza. Viatu ukamwachia mezani, ukaenda zako stendi peku.

Sasa sikia. Leo kaniita mimi. Anataka niwe supavaiza. Nitakuwa na kiti, dada. Nikamuwaza mama pale Kigera, anavyoamkia kuuza maandazi na miguu yake ile imevimba, nikasema moyoni sasa atapumzika. Halafu meneja akageuza kompyuta. Kesho asubuhi wanakuja vijana wapya wa tawi la Bunda, mimi ndiyo niwafundishe. Somo la kwanza ni video ya kamera. Ni wewe, peku, umepiga goti. Nisimame mbele yao niseme, hili ndilo kosa.

Nikamuuliza, "Kosa lenyewe hapo ni lipi?"

"Magesa, usinianze. Nafasi unaitaka au huitaki?"

Toka hapo hasira haijanitoka. Wametuletea mataa na sakafu ya kujiangalia uso, sawa, duka zuri, sijakataa. Lakini hao vijana wana mabibi. Wengine wametoka vijijini huko huko Butiama na Bunda, wameamkia watu wazima toka wanajifunza kuongea. Leo niwafundishe kwamba kumwamkia bibi ni hasara ya kampuni? Eti ndiyo kukua huku? Na kwa nini video siyo ya mlinzi? Yule yupo mpaka leo, na sare kaongezewa.

Viatu vyako bado viko chini ya meza ya meneja, nimeviona vimeshika vumbi. Nimeambiwa saa mbili asubuhi niwe mbele ya vijana, na jibu langu kuhusu nafasi ndiyo hilo hilo nitakalosema pale.

Atakayeenda kisiwani akusomee hii. Dada, ungekuwa wewe ndiyo mimi, mama anakusubiri Kigera na wale vijana wanakutazama, video ikishawashwa ungefanyaje?

Mdogo wako wa kaunta ya pembeni,
Magesa