Pete Niliyoiona Mimi Kwanza

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti linakuruhusu sasa kukaa kwenye mashine yako ya kusagia vioo vya miwani, na Mama amepunguza kukugombeza kuhusu dawa. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imenifura, na nisipokuandikia leo nitamtukana mtu.

Unakumbuka barua yangu ya mwezi uliopita, ile iliyokuja na picha ya pete ya buluu. Nilikueleza kwamba galaksi nzito ikikaa mbele ya nyingine iliyo mbali zaidi, uzito wake hupinda mwanga wa ile ya nyuma, kama vioo vyako vinavyoupinda, na sisi huku tunaiona imevutika ikawa tao, au mara chache sana pete nzima. Kazi yangu ni kuzitafuta hizo. Nakaa kwenye kiti kilicholegea mguu, napitia picha elfu mbili kwa siku, nabonyeza ndiyo au siyo mpaka macho yanawasha. Pete ile niliiona mimi, Baba. Niliruka hadi chai ikamwagikia kibodi.

Mkuu wa kitengo alikuja, akainama begani kwangu, akasema vizuri, nimwachie yeye aishughulikie. Nikamwachia, mimi na akili zangu timamu. Jumatatu nakuta tangazo mlangoni, limepakwa rangi zote: Alhamisi atawaonyesha waandishi wa habari pete aliyoigundua. Aliyoigundua yeye, mtu ambaye akitaka kukuza picha huita msaada. Nilipomuuliza jina langu liko wapi, alinijibu kwa upole, huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, kwamba mimi bado kijana na zamu yangu itafika. Nina miaka thelathini na minane. Mwenzangu wa meza ya pili akanishauri ninyamaze nisije nikaharibu kibarua. Huyo naye nimemnunia.

Nilikaa palepale kuandika malalamiko. Nikaona niambatanishe uthibitisho kwamba pete ni ya kweli, na hapo ndipo nikafungua orodha ya bandia. Habari hii sijawahi kukueleza. Ili kupima kama macho yetu hayajalala, huwa tunatengeneza lenzi za uongo, yaani pete na matao ya kubuni, kwa kompyuta na kuzichanganya na picha halisi. Mwaka huu mtengenezaji nilikuwa mimi. Nilitengeneza mia tatu, kompyuta ikazitawanya bila mimi kujua zimekwenda wapi. Mkuu anatakiwa kupitia orodha hiyo kabla ya kutangaza lolote. Hakuipitia, na mimi kwa furaha yangu sikuipitia. Pete yetu ni namba mia mbili na kumi na mbili kwenye orodha hiyo. Pale angani hakuna kitu.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu nisingeweza. Hilo nimelijua tangu Jumatatu mchana, na leo ni Jumatano. Siku mbili nimemtazama akifanya mazoezi ya hotuba ukumbini, na nimefurahi, Baba. Nilitaka aumbuke mbele ya kamera, na nilishachagua kiti cha mbele. Halafu jana Mama akanipigia, akaniambia kwamba picha ile umeitia fremu dukani, na kila anayekuja kupimwa macho unamwonyesha kwanza kabla ya ubao wa herufi. Nilikudanganya bila kujua, kisha nikaendelea huku najua. Nisamehe. Iondoe ukutani.

Asubuhi hii nimempelekea mkuu mistari mitatu, nakala kwa kitengo kizima, kwamba Alhamisi awaambie waandishi wasije. Nimewaeleza kwamba pete si ya kitengo wala si yake. Ni yangu, niliitengeneza mwenyewe, na nimeweka majina yangu yote matatu chini yake.

Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, na goti lisikutoe kwenye mashine.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.