Kondoo Niliyemchinjia Mhandisi

Sikia, rafiki yangu Iraj: mgombea wetu, yule mhandisi, amejiondoa kwenye uchaguzi. Amejiondoa mbele ya duka langu la mikate, damu ya kondoo niliyemchinjia bado mbichi kwenye kiatu chake.

Keshokutwa ni kura! Kashika kipaza sauti: "Kwa umoja wa Waislamu, wafuasi wangu wote wampe kura Haji Sabeti." Haji Sabeti! Yule yule anayetuita sisi watu wa siasa za katikati popo, si ndege si mnyama.

Na mimi niko jukwaani, nimemshika mkono mhandisi na kuuinua juu. Nikasahau kuushusha.

Nader, ndugu wa mke wangu, mtu wa Haji, akapaza sauti: "Shemeji, shusha mkono, mwenzio kashahama!" Mtaa mzima ukacheka.

Nikamnong'oneza mhandisi, "Wamekutisha?" Akasema, "Bwana Morteza, mtu wa katikati lazima ajue kusogea." Kusogea! Akapanda gari, akaenda.

Aliyenimaliza ni Parisa. Unajua binti yangu aliapa kutopiga kura tena tangu rafiki yake afungwe. Nilimbembeleza mwezi mzima: mwanangu, hawa wa katikati hawapigi kelele, hawa watatufikisha polepole. Akaja mkutanoni kwa ajili yangu. Akaniuliza, "Baba, na kura yangu mimi ameshaigawa?"

Akageuka, akarudi nyumbani.

Amejifungia chumbani. Nje, watu wa Haji wanamalizia pilau ya kondoo wangu.

Kondoo mmoja, heshima yangu mtaani, na neno langu kwa mwanangu. Hivyo ndivyo vilivyokwenda leo.