Maji Mazito Kwenye Mshipa wa Barasa

Laini Saba, Kibera

Mama,

Natumaini kile kifua kimekuachilia na kwamba binti yetu Nekesa hakusumbui huko. Sisi huku si wazima, nami sitakuficha. Kaa chini kwanza.

Juzi mwanao Barasa alikatwa paja na msumeno wa mashine kwenye karakana. Wenzake walimfunga shati wakamkimbiza hospitali. Daktari alitaka kumwekea damu, nikakataa. Nilikumbuka ulivyotuonya tulipomzika ndugu yake, kwamba huyu uliyebaki naye asiwekewe damu ya mtu, asije naye akaletewa ukimwi. Nikaomba waendelee na yale maji mazito ya chupa wanayompa mtu aliyepungukiwa damu.

Mama, chupa ya kwanza ilimwinua. Alifungua macho, akaitisha chai, akamtaja Nekesa. Nilijiona mjanja. Ilipoisha nikaomba nyingine, kisha nyingine, nao wakaongeza wakinung'unika. Leo asubuhi bendeji ililowa damu chapachapa, na fizi zikaanza kutoa damu. Nilikimbia kuita msaada. Nesi mmoja, mama wa makamo, alinivuta kando.

"Hii maji inajaza mishipa tu," aliniambia. "Zile chembe za kugandisha damu zimebaki kidogo, na hii maji inazifanya ziteleze, hazishikani. Tukiongeza ingine, atavuja tu."

Damu yangu ilipimwa, haikulingana na yake. Aliyejitolea ni mwenye nyumba wetu wa zamani kule Kawangware, yule mzee mkali uliyegombana naye kwa sababu ya kuku. Yake inalingana, na wanasema haina ugonjwa. Bado naogopa. Naiogopa hiyo damu, nakuogopa wewe, na zaidi naogopa vile Barasa amenyamaza.

"Mimi nishatolewa," mzee aliniambia. "Sasa ni wewe useme."

Nimesema wamwekee, Mama. Sikukuuliza, kwa sababu barua hii itakufikia kesho na dereva wa basi, na Barasa hangengoja. Damu inaingia sasa hivi ninapoandika. Nimeushika unyayo wake na bado ni baridi.

Msalimie baba mkwe, na shangazi anayekusaidia shambani. Nekesa usimwambie kitu.

Kwanza muombee. Kunikasirikia, utanikasirikia baadaye.

Mkwe wako,
Nafula