Bakuli la Tito

Umbilo, Durban
Julai 1998

Mdogo wangu Yustina,

Hamjambo hapo Kigoma? Magoti yako bado yanakuruhusu kupanda kile kilima cha kanisani? Mimi kifua kimebana, nadhani safari hii sitoki. Daktari anatabasamu mno, nami simwamini.

Kuna binti wa Kijapani, mwalimu wa chuo, anayefasiri upya ile riwaya iliyonipa jina, kutoka Kijapani kwenda Kiingereza kama nilivyofanya mimi. Amekuja mara tatu na machungwa. Mtu haleti machungwa mara tatu bure. Nikichungulia dirishani namwona pale kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, anasubiri kuvuka, amekumbatia kitabu changu. Namshuku hata Mama Furaha, Mkongo anayenitunza, kwamba humpasha habari zangu.

"Papa, ule demoiselle iko ku mulango tena."

"Mwambie nimelala."

"Unalala na radio inaimba hivi? Eish, Papa! Danganya weye mwenyewe. Na machungwa yake iko tamu."

Juzi akaingia. Akafungua kitabu pale mama aliyefiwa na mtoto anapoandaa meza.

"Mzee, kwa Kijapani mama anaosha mabakuli tu. Haya maneno umeyatoa wapi?"

Nikajifanya sisikii vizuri. Maneno ni haya: "Nimepanga bakuli lake na ya wenzake. Mkono wangu bado unahesabu watoto watatu."

Unayajua, Yustina. Ni yako. Uliniandikia Tito wako alipofariki, nami nilikuwa Tokyo, nimekwama kwenye ukurasa huohuo. Niliona msomaji wa Kiingereza hatauona msiba katika kuosha vyombo. Nikayachukua. Kisha nikaona haya kukujibu, na ulipouliza nikasema barua ilipotea njiani. Ilifika. Nimeitia humu ndani, uipokee.

Ukurasa ule ndio uliosifiwa kuliko kazi yangu yote.

Binti atarudi Alhamisi. Nitamwambia maneno si yangu wala ya mwandishi. Ni ya nani, utasema wewe ukitaka. Jibu lako mwandikie Mama Furaha, anwani hiihii, maana huenda nisilikute. Yeye nimeamua kumwamini.

Msalimie shemeji Bonifasi, mumeo, na wanao Ana na Yohana. Habari za Tito nimewasimulia watu nisiowajua, lakini wewe sikukupa hata lile neno moja ambalo kila jirani alikuja kukuambia mlangoni. Pole, mdogo wangu. Pole sana.

Kaka yako,
Damiani