Majeruhi wa Zizini

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Watu wa filamu wametujaa kijijini kama nzi. Mizinga, farasi, vijana wetu wa jeshi wamevikwa sare za Kijerumani, wanavuta sigara mbele ya kanisa. Mwongozaji wao, Vukan, kanibusu mkono. Ndugu Jela, anasema, wewe ulikuwa muuguzi wa wapiganaji wa msituni, tulipopigana na Wajerumani hapa hapa mwaka 43. Ukiona kosa, sema.

Nikaona, nikasema. Muuguzi wao kapaka rangi ya kucha! Damu ni shira, nyigu wanaigombania. Majeruhi wananukia sabuni. Chawa wako wapi? nikauliza. Akacheka: "Chawa hawaonekani kwenye kamera, mama."

Mama! Mtu mwenyewe ana mvi kunishinda.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimesoma hadithi yao.

Kamanda Radojko ndiye wa mwisho kuvuka daraja, kambeba majeruhi mgongoni. Eti hakuachwa hata mmoja.

Kumi na mmoja waliachwa. Zizi la kondoo, kule juu. Amri ya Radojko huyo huyo. Tulikuwa ng'ambo ya mto tuliposikia bunduki za Wajerumani — kisha tukaona moshi.

Nimemwambia Vukan. Akatazama buti zake. Hadithi imeshapitishwa na wakubwa, anasema, na askari wote hawa tumepewa kwa neno la Radojko.

Ijumaa, 8 Oktoba

Radojko kaja na gari jeusi. Kitambi. Wamemchomea mwanakondoo. Alipomwona mwigizaji anavuka daraja kwa jina lake, alilia — machozi ya kweli, mafuta ya nyama bado kidevuni.

Nilimfuata nyuma ya mizinga. Nikamwambia, walikuwa kumi na mmoja.

"Punguza sauti, dada. Wangetuchelewesha, tungekufa wote. Unalijua hilo."

"Basi waonyeshe hilo."

"Waonyeshe na wewe? Nani aliwaambia tunakwenda kuleta machela?"

Mimi. Mimi ndiye niliyewaambia. Lazo, mmoja wa wale kumi na mmoja, alinishika mkono, akasema, usikawie, Jela.

Nilirudi nyumbani, nikanawa mikono mara tatu. Naona kinyaa, na si kwa Radojko peke yake.

Jumamosi, 9 Oktoba

Bibi Stanojka, mama yake Lazo, kashuka mlimani kwa miguu, na magoti yale! Kavaa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Kasikia filamu inaonyesha majeruhi wanavyookolewa. Miaka ishirini na minane kaambiwa mwanawe alichukuliwa na mto.

Alipita machela moja moja, akiwachungulia usoni. Vijana wakamtania: Bibi, chagua mchumba! Alimuuliza Vukan yupi ni Lazo. Vukan akaninyooshea kidole — muulize Ndugu Jela, yeye alikuwepo.

Mwoga!

Nimemleta nyumbani. Yuko sebuleni. Nimesema naingia jikoni kuchemsha kahawa. Imeshachemka, imefurika, imezima moto, nami nimesimama naandika upuuzi huu.

Anasema kupitia mlangoni: "Jela, binti yangu, kama wote walivushwa, wangu alizama vipi?"

Nimesema nakuja, bibi.

"Sitaki kahawa. Njoo ukae hapa."

Nasikia anavuta kiti. Si chake — cha pili, anakisogeza karibu na chake. Naweka kalamu, nakwenda kukaa.