Kabureta ya Mwalimu wa Bokoli

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Myanga tuko salama. Bibi, kukhu wako, anavuna maharagwe na anakusalimu sana. Umeuliza mbona nakataa utoe kabureta ya zamani kwa pikapu yangu uweke injeksheni, ule mfumo wa kompyuta wa kupeleka mafuta kwa injini, na wewe sasa ni fundi. Nitakwambia, ingawa naona haya.

Nikiwa fundi kijana huko Kitale, mwalimu mmoja wa Bokoli aliniletea gari la injeksheni lililokuwa likizimazima. Sikuwa nimewahi kufungua gari kama hilo. Badala ya kusema sijui, nikamwambia, "Mwalimu, hizi vitu za kompyuta ni bure kabisa." Nikang'oa mfumo wote, nikafunga kabureta. Gari likazima tena. Ndipo nikaona waya wa betri umelegea. Nikaukaza, likanguruma vizuri, nikamrudishia mwalimu gari bila kutaja waya.

Wiki iliyofuata mwalimu akarudi na kuku. "Asante fundi, si umeniokoa!" Nikapokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo nimekuwa nikimwambia kila mtu injeksheni ni mbaya, hata wewe. Badilisha hiyo pikapu, mama. Na siku ukikwama, mwambie mwenye gari hujui. Mimi yule kuku nilimla.

Ni mimi babu, kuka wako.