Doa Jekundu Juu ya Karagwe

Jumatatu, 5 Oktoba

Leo kazini, kwenye kampuni yetu ya kununua kahawa, mambo yameharibika. Picha za setilaiti za Karagwe zimerudi na doa jekundu — miti imeondoka baada ya mwaka 2020. Nikavuta ramani karibu. Kilima cha kwetu! Shamba la kaka Optatus liko katikati ya doa.

Sheria ya Ulaya haina simile: kahawa ya ardhi iliyofyekwa msitu haiingii huku. Bosi anasema Ijumaa ataamua kama tuache kununua kwa chama chao chote cha ushirika. Nimemwambia waziwazi kwamba Optatus ni kaka yangu, tumbo moja, siwezi kuwa hakimu. Faili kapewa mwenzangu Elvire. Nimepumua, kisha nikaogopa zaidi. Elvire hapindishi kitu.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimempigia kaka. Mlikata nini huko? Akacheka. Eti nimesahau mnyauko? Ugonjwa ule ulimaliza migomba ya kilima kizima, wakaing'oa, mibuni ikabaki juani. Kweli, nilituma pole halafu nikasahau! Setilaiti nayo haijui mgomba wala mvule, inaona kijani tu.

Namwamini. Lakini mimi ni dada yake. Ofisini imani yangu haina kazi.

Jumatano, 7 Oktoba

Elvire hasemi. Mimi siulizi. Kwenye fika, mapumziko ya hapa, tumekunywa kahawa na kuzungumza habari za baridi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Tumepona.

Elvire aliwaomba watu wa ushirika picha zozote za zamani zilizopigwa mashambani. Wakamletea harusi! Maharusi wa 2018, nyuma yao migomba imeshonana hadi kilimani, mibuni chini yake. Harusi, vipaimara, hata msiba mmoja. Bwana shamba naye katuma taarifa ya mnyauko. Elvire akalinganisha kila picha na ramani, akaandika: shamba la zamani, si msitu. Bosi kasaini.

Kisha akapita mezani kwangu na Kiswahili chake cha Bujumbura: "Dada, uko na bahati. Ingelikuwa msitu, ningeliandika msitu." Najua. Ndiyo maana nimelaza kichwa juu ya meza na kumshukuru Mungu.

Nimelia kwenye treni hadi nyumbani, Rågsved. Binti yangu Bella kanifungulia mlango akiuliza kwa Kiswidi kumetokea nini: "Vad har hänt?" Nikamwambia vitunguu. Hata kisu sijashika.

Jumapili, 11 Oktoba

Kanisani nimeimba mpaka sauti imekauka. Sijawa mwepesi hivi tangu kiangazi.

Jioni kaka katuma ujumbe wa sauti. Ananishukuru, ingawa sikufanya kitu. Kijijini sasa Elvire anaaminika kuliko diwani! Nikacheka peke yangu jikoni. Mwishoni akashusha sauti, kama mtu anayetoa zawadi. Eti kwa kuwa Wazungu wameshatukubali, kesho alfajiri vijana wanaingia kufyeka kile kimsitu cha bondeni. Mvua zimeanza, miche ya kahawa iko tayari. Shamba jipya ataliita Benedicta.

Jina langu.

Nimepiga. Hapatikani. Nimepiga tena. Nimeandika: Kaka, usikate. Nimefuta — mkubwa haamrishwi hivyo. Nimeandika: Kaka, shikamoo, samahani, kuhusu lile wazo lako zuri. Nimefuta. Si zuri.

Kaka, shikamoo. Usikate hata mti mmoja.

Nimetuma. Tiki moja. Simu yake imezimwa, au umeme umekatika. Bella anauliza tunakula lini. Bado tiki moja.